Kinasa Sauti, Kompyuta na Hadithi za Majimaji

Ninayo kaseti moja ya dakika 60 ambayo nimeitunza kwa zaidi ya miaka 40, na kila niitazamapo naona haya. Juu ya karatasi yake nimeandika kwa wino wa buluu: "Bibi, Septemba 1983". Maneno hayo yamepigwa mstari, na chini yake, kwa mwandiko wangu uleule, pameandikwa: "Msiba wa Sokoine, Aprili 1984". Mbele nitaeleza jinsi jambo hilo lilivyotokea. Kwa sasa, ndugu msomaji, nakuomba uiweke kaseti hiyo akilini tu, kwa maana nilipoletewa kompyuta uzeeni na kuambiwa niwafundishe watoto historia kwa kuwafanya watunge hadithi zao wenyewe za picha na sauti, ndiyo iliyonifanya nikubali, wakati walimu wenzangu walikuwa wakicheka.

Nimefundisha historia katika shule za sekondari tangu mwaka 1979 hadi nilipostaafu mwaka 2016. Kwa kuzaliwa mimi ni mtu wa Umatumbi, vilima vilivyo nyuma ya Kilwa, nchi ambayo kila kitabu cha historia ya Tanzania huipitia kwa ukurasa mmoja au miwili kisha kikaondoka zake. Huko Nandete, Julai 1905, watu waling'oa mashina ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Majimaji vikaanza. Tarehe 4 Agosti mwaka huohuo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa huko Mohoro, lakini moto ulikwisha kuenea, na haukuzimika kabisa hadi mwaka 1907. Kwa jinsi mashamba na maghala yalivyochomwa, njaa iliua wengi kuliko risasi. Wadachi wenyewe walitaja watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Hizo ndizo habari za kitabuni. Nyumbani kwetu habari zilikuwa za namna nyingine: nani alijificha pango gani, nani aliponea ming'oko ya porini, na nani hatajwi jina lake mbele ya wageni.

Mwaka 1968, nikiwa na miaka 12, alifika kijijini kwetu kijana mmoja aliyevaa miwani, mwanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Idara ya historia ya chuo hicho ilikuwa imewatuma wanafunzi wake mikoa ya kusini kukusanya kumbukumbu za wazee walioviona vita kwa macho, kazi ambayo majina ya John Iliffe na huyo Gwassa hayaachani nayo. Kijana alilala kwetu siku mbili. Babu yangu alisema kwa Kimatumbi, mjomba akageuza kwa Kiswahili, na mgeni akaandika kwa Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kushika kandili. Nakumbuka babu alipofika mahali pa bunduki ya rashasha, hakuisimulia. Aliiga mlio wake kwa ulimi, akapiga goti kwa viganja, akainamisha kichwa hadi karibu na majivu, akakaa hivyo kwa muda. Kijana alisubiri kwa adabu hadi mzee alipoinuka. Kisha akaendelea kuandika. Nilichungulia daftari: kwa muda wote ule hapakuwa na kitu kilichoandikwa.

Simlaumu. Bila kazi ya wale vijana tungekuwa leo na maneno ya Wadachi peke yake, na ripoti zao zilizopigwa taipu ndizo zilizomwezesha mwalimu kama mimi kusimama darasani na kusema wazee walisema hivi. Lakini tangu usiku ule nilijua kwamba kati ya mdomo wa babu na karatasi ya mgeni kuna mto, na si kila kitu huvuka.

Baadaye, nikiwa mwalimu, nilisoma habari iliyonifundisha kuuliza jambo jingine. Wapo wadhanio kwamba kutumia picha na sauti kufundishia ni ugunduzi wa juzi, uliokuja na kompyuta. Sivyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ulioendeshwa na mabwana wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilitoka Carnegie Corporation ya New York. Walitengeneza filamu fupi 35 za kuwafundisha Waafrika mambo ya kilimo, minyoo ya safura, kuweka akiba posta na mengineyo. Waigizaji walikuwa wenyeji wa hapahapa. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yalikuwa kwenye santuri, ili yabadilishwe kwa kadiri ya lugha ya mahali. Lori likabeba projekta na jenereta, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini, na watu kwa maelfu wakaketi chini gizani wakitazama watu wenye rangi yao wakitembea kwenye kitambaa.

Hebu fikiri. Sura ni yangu, shamba ni langu, lakini sauti inayosema maana ya sura yangu imetungwa na bwana mwingine na kuchapwa kwenye santuri. Tangu niliposoma habari hizo, kila nilipoonyeshwa chombo kipya cha kufundishia nilijiuliza kwanza: sauti iliyo juu ya picha ni ya nani?

Redio ilikuja, nayo ilifanya makubwa. Sitaki kuibeza. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi, wakisikiliza redio kisha wakichimba vyoo, na nilikuwa mwanafunzi niliyeona vyoo hivyo vikichimbwa. Tamthilia nayo ilifanya kazi yake. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka 1969, na sisi tuliiigiza shuleni tukiwa tumevaa mashuka. Lakini redio husema na mtu hunyamaza. Hata mimi niliyekwisha kushika kandili ya babu nilinaswa na jambo hilo, na hapa ndipo inapoingia kaseti.

Mwaka 1983 nilipata rekoda ndogo ya kaseti kwa rafiki aliyetoka ng'ambo. Kwa walioishi wakati ule sina haja ya kueleza hali ilivyokuwa: maduka matupu, sabuni kwa mgawo, betri za kutafutwa kama dawa, na msako wa wahujumu uchumi uliokuwa ukiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Kaseti tupu nilikuwa nayo moja tu. Likizo ya Septemba nikaenda nyumbani nikamrekodi bibi, mke wa yule babu wa kandili, ambaye wakati wa vita alikuwa binti wa kama miaka saba. Alisema nusu saa nzima, upande wote wa kaseti: jinsi walivyoishi pangoni, jinsi mama yake alivyomziba mdomo kwa kiganja askari walipopita juu, ladha ya damu ya fizi zake mwenyewe. Niliwaza kuwachezea wanafunzi wangu darasani, lakini muhula ukaanza, mtihani ukaja, sikuwachezea.

Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alifariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro. Redio ikabadilika, nyimbo za maombolezo zikaanza, na mimi nikashikwa na homa ya kazi. Nikajiambia: hii ni historia inapita mbele yangu, ni lazima niihifadhi kwa ajili ya wanafunzi. Kaseti nyingine sikuwa nayo na ya kununua haikuwapo. Bibi yupo, nikasema, nitamrekodi upya likizo ya Juni. Nikabonyeza vitufe viwili. Bibi alifariki mwezi Mei.

Sikumwambia mtu yeyote jambo hilo kwa miaka 28. Nilikuwa mwalimu wa historia mwenye cheti, mjukuu wa watu wa Majimaji, na moyoni mwangu historia ilikuwa ile inayotoka redioni.

Kompyuta zilichelewa kutufikia. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na marufuku hiyo ilichukua miaka kulegea. Hata jina lake lilitutatiza. Wengine walisema tarakilishi, wengine ngamizi, wananchi wakasema kompyuta na mjadala ukaisha. Televisheni nayo Bara hatukuwa nayo hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973. Nautaja mwaka huo wa 1994 kwa sababu nyingine pia. Tulipokuwa sisi tukijifunza kuelekeza antena, huko San Francisco, Marekani, Joe Lambert, mtu wa michezo ya jukwaani, pamoja na Nina Mullen na msanii Dana Atchley, walifungua kituo kidogo cha kuwafundisha watu wa kawaida kutunga hadithi za maisha yao kwa kompyuta. Atchley alikuwa na mazoea ya kusimama mbele ya skrini akisimulia maisha yake huku akionyesha picha na filamu za zamani za familia, na mwaka 1993 walikwisha kufanya warsha katika American Film Institute, Los Angeles. Watu waliokuja hawakuwa watengeneza filamu. Walikuja na albamu ya picha na jambo moja moyoni, na baada ya siku chache wakaondoka na filamu ya dakika mbili tatu, sauti yao wenyewe ikiwa juu ya picha zao wenyewe.

Mwaka 2001 mpiga picha Daniel Meadows aliichukua njia hiyo akaipeleka Wales kwa kushirikiana na BBC, ambako iliendelea hadi 2008. Kipimo chake kilikuwa kidogo cha kushangaza: maneno kama 250, picha dazeni moja hivi, dakika mbili. Anayeona ni rahisi na ajaribu kusema jambo la maana la nyumbani kwake kwa maneno 250.

Habari hizi nilizisikia mwaka 2012 katika warsha ya walimu jijini Dar es Salaam. Mkufunzi alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Aliwasha kompyuta yake akatuonyesha hadithi ya mzee mmoja wa Wales akisimulia habari za baba yake. Kiingereza chake kilikuwa kizito na nilishika nusu tu, lakini sauti ilitetemeka mahali fulani na mzee hakuifuta. Ikabaki hivyohivyo ndani ya filamu. Mapumziko ya chai yalipofika nilibaki kitini, kisha nikamweleza binti yule habari ya kaseti. Ni yeye wa kwanza kuisikia.

Mwaka uliofuata nilianza na Kidato cha Tatu, wanafunzi 64, katika shule ya kata isiyo na umeme isipokuwa sola ya taa mbili katika ofisi ya walimu. Vifaa vyetu vilikuwa kompyuta mpakato moja ya kuazima, simu mbili zenye kamera, na projekta tuliyoipata kwa siku mbili tu. Simu tulichajisha sokoni kwa shilingi 300. Nilitumia programu mbili: Audacity ya kurekodia na kusafishia sauti, ambayo ni ya bure, na Windows Movie Maker ya kupangia picha, iliyokuwa ikija na kompyuta yenyewe.

Lakini kwa wiki tatu za mwanzo hatukuwasha kompyuta hata mara moja. Nilitaka daftari na kalamu. Kila kundi la watu sita hivi lichague habari moja ya vita kutoka nyumbani kwa mmoja wao, lende likaulize, liandike maneno yasiyozidi 250, kisha mmoja asome kwa sauti na wengine waulize maswali. Mkuu wa shule alipita akasimama dirishani. Alikuwa mtu mwema. Akaniambia taratibu, "Mwalimu, mtihani hautauliza hayo." Nami nilijua kwamba ni kweli.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni lugha. Historia katika sekondari zetu tulikuwa tunaifundisha kwa Kiingereza, na watoto walikwisha kujua kutaja sababu tano za Majimaji kama mtu asomaye bei za dukani, bila kujua hata moja ilimuuma nani. Nilipowaambia waandike kwa Kiswahili walitazamana. Mmoja akauliza, "Na maneno ya bibi ya Kimatumbi je, tuyatupe?" Nikasema wayaache yalivyo. Darasa ambalo kwa miezi miwili nilikuwa nikilibembeleza kujibu, sasa nilikuwa nikilinyamazisha. Siku hizi mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, nami nafurahi, ila sisi wakati ule tulikuwa kama wezi, tukifunga mlango.

La pili ni picha. Nilikuwa nimekusanya kwenye kompyuta picha kadhaa za enzi ya Wadachi, ambazo leo zinapatikana kwa urahisi kwa kuwa hifadhi za huko Ujerumani zimeziweka kwenye intaneti: maboma, askari waliojipanga, wafungwa waliofungwa minyororo shingoni. Nilidhani watoto watazigombania. Kijana mmoja aliitazama ile ya minyororo muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, aliyepiga picha hii alisimama upande gani?"

Nimesomesha miaka mingi na sikuwa nimejiuliza swali hilo. Tukalizungumza kipindi kizima. Kamera ya wakati ule ilikuwa ya kusimikwa. Watu wale waliamriwa watulie. Aliyetaka tuwaone hivyo ndiye aliyewafunga, au rafiki yake. Darasa likagawanyika: wengine wakasema tuzitumie, kwa kuwa hatuna nyingine; wengine wakasema tukiziweka tutakuwa tunatazama kwa jicho la Mdachi. Mwishowe makundi mengi yaliamua kwenda kupiga picha zao: mdomo wa pango, mikono ya bibi ikipukuchua mtama, mbarika ukiwa na tunda, njia ya kwenda mtoni. Mtama na mafuta ya mbarika vilikuwa ndani ya ile dawa ya maji, nao walijua hivyo kutoka kitabuni. Ila hawakuwa wamewahi kuushika mbarika wakiwa na wazo hilo.

Kurekodi sauti chini ya bati mchana ni kazi bure. Mbuzi, upepo, na watoto wa darasa la jirani vyote vinaingia. Tulirekodi usiku katika stoo ya nyumba yangu, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani, taa imezimwa. Niligundua kwamba gizani mtoto husema kwa sauti yake, na mwangani husema kwa sauti ya risala.

Sasa nije kwa yule binti. Kundi lake lilichelewa kuleta daftari, na nilipolisoma nilielewa sababu. Kitabu chetu kilikuwa na Wadachi upande mmoja na wazalendo upande mwingine. Yeye aliandika kwamba baba wa bibi yake alikuwa askari wa Wadachi. Maneno 212. Picha zilikuwa sita tu, na ya mwisho ilikuwa kiganja cha bibi huyo, ndani yake kifungo cha shaba cha koti, kilichochakaa hadi alama yake isomeke kwa shida. Alisema wazi kwamba baba wa bibi alichoma vijiji, na kwamba nyumbani kwao jambo hilo husemwa usiku tu.

Tulionyesha hadithi zote usiku wa Ijumaa, kwenye shuka jeupe, jenereta ya mwenye duka ikinguruma nyuma ya darasa. Ya binti ilikuwa ya saba. Ilipoisha, kijana mmoja ambaye hadithi ya kundi lake ilihusu babu wa babu yake aliyepigwa risasi Kibata, alisimama akauliza, "Na huyo naye tumwandike shujaa?" Hapakuwa na aliyejibu. Binti aliangalia chini. Nikawasha taa mapema kuliko nilivyopanga.

Asubuhi yake baba wa binti alikuwa mlangoni kwangu. Alinisalimu shikamoo kwa heshima zote, akakataa kiti. "Mwalimu, mambo ya ndani hayatundikwi ukutani. Sisi tunaishi na watu hawa. Naomba uifute." Nilimjibu nimesikia, anipe siku chache. Alipoondoka nilikaa na kompyuta mapajani. Kufuta ni jambo la kubonyeza mara mbili. Mkono wangu ulikuwa na uzoefu wa kubonyeza.

Kumkatalia nisingeweza, kwa maana habari haikuwa yangu, wala kwa kweli haikuwa ya binti peke yake. Wenzetu wa California na Wales walikuwa wanafundisha watu wazima kusimulia habari zao wenyewe. Mimi nilikuwa nimempa mtoto wa miaka 16 chombo cha kusimulia habari ya ukoo mzima, na sikumuuliza mwenyewe. Hilo lilikuwa kosa langu, si la binti wala la baba yake. Nikaenda kwa bibi mwenye kifungo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa habari ya kifungo."

Aliomba aione hadithi. Niliiwasha pale barazani, akaitazama mara mbili, mara ya pili akiwa amefumba macho. Kisha akasema mjukuu wake hakukosea ila ameanzia katikati. Baba yake hakuanza na koti. Alianza na kamba. Alikamatwa kubebeshwa mizigo, akafungwa pamoja na wengine, na baada ya muda wakaulizwa nani yuko tayari kushika bunduki. "Koti lilikuja na mtama," alisema. "Mama yake alikuwa hajala siku nne." Na vita vilipokwisha hakupokewa. Alijenga peke yake ng'ambo ya mto, na ndiyo maana hadi leo ukoo wao unaitwa watu wa ng'ambo. Mimi niliyezaliwa vilima vilevile nilidhani ni kwa sababu ya mashamba yao.

Nikamwuliza tufanye nini. Akasema wasifute, waongeze, ila maneno ya kuongeza atayasema yeye, kwa kuwa binti hajui Kimatumbi vizuri. Na mwanawe atamwambia yeye mwenyewe.

Hadithi ya pili ilikuwa ya dakika tatu na kidogo. Tulipoionyesha, mwezi mmoja baadaye, yule baba alikuja akaketi benchi la nyuma, kofia mkononi, akaondoka kabla ya taa kuwashwa. Kijana wa Kibata hakusema kitu. Wiki iliyofuata aliniletea daftari la kundi lake. Sentensi yao ya mwisho ilikuwa inasema kwamba wasaliti wote walipata malipo yao. Aliikata kwa kalamu mbele yangu, akasema bado hajui aandike nini mahali pake.

Sitasema uongo: matokeo ya mtihani hayakupanda kwa ajili ya kazi hii. Yalikuwa yaleyale. Ila mwaka ule, kwa mara ya kwanza, nilipouliza darasani kwa nini mtu angejiunga na askari wa mkoloni, sikupewa jibu la kukariri.

Mambo makubwa yamefanyika tangu hapo, yanayoifanya kazi yetu ya shuka na jenereta ionekane mchezo. Mwaka 2014 Ubongo Kids walianza kuonyesha televisheni katuni za hesabu na sayansi zilizotengenezwa hapahapa nchini, na wajukuu wangu wanaziimba. Mkoani Tanga vijiji zaidi ya 100 viligawiwa vishikwambi katika shindano la Global Learning XPRIZE, ili watoto wasiokwenda shule wajifunze kusoma wenyewe kwa Kiswahili. Mwaka 2019 onebillion na Kitkit School waligawana tuzo ya dola milioni 10. Ni mambo mema. Lakini yote hayo humletea mtoto hadithi iliyokwisha kutungwa, na huwa nakumbuka lori la Vugiri, hata kama safari hii waliotunga ni watu wetu na nia yao ni safi.

Ila kabla sijajisifu zaidi niungame jingine. Kati ya hadithi 11 za mwaka ule zimebaki nne. Saba nilizihifadhi kama faili za kazi tu, bila kuzigeuza kuwa filamu kamili, na sikujua kwamba faili la namna hiyo halibebi picha ndani yake. Linakumbuka tu zilikokuwa. Picha nilizifuta kwenye simu ili kupata nafasi kwa ajili ya kidato kilichofuata. Mwaka 2017 programu yenyewe ikaacha kutolewa na walioitengeneza. Nina mafaili saba yanayofunguka kwa misalaba myekundu. Maneno ya hadithi zote 11 ninayo, kwa kuwa madaftari ya kaunta niliyatia kwenye mfuko wa sukari nikauning'iniza darini, mahali ambapo mchwa hafiki.

Mwaka 2019 kijana mmoja wa Kariakoo alinigeuzia ile kaseti iwe faili la kompyuta. Nilisikiliza nyimbo zote za maombolezo, na sauti ya mtangazaji, na mahali betri zilipoanza kuchoka. Karibu na mwisho wa upande redio inakatika ghafla, na zinabaki sekunde 40 ambazo sikuzifikia mwaka 1984. Bibi anasikika akifukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa. Kisha ananiuliza kama nimekwisha kula. Vita havimo.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja kijana, anayefundisha huko nyumbani, alinipigia simu kuniuliza programu gani ya simu ni nzuri kwa hadithi za wanafunzi. Siku hizi ni nyingi, na simu moja inafanya kazi yote ya kompyuta yetu na projekta. Nilimwambia aniletee kwanza daftari la mwanafunzi mmoja, maneno 200 kwa mwandiko wake, pamoja na jina la aliyemsimulia na kama amekubali. Hajaleta bado. Alisema barabara ya Kipatimu imekatika kwa mvua, atampa dereva mabasi yakianza kupita.